Mtu wa Kumlea Beatrisi

Mwera, Pangani
12 Februari 1956

Baba mkwe Rafaeli,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Amani, na kwamba mvua imekuachia walau siku moja ya kuanika mashuka. Sisi huku joto linatuchemsha, lakini hatujambo.

Bibiana na mama walifika hospitali salama siku ya Jumanne. Niliwasindikiza mpaka getini. Daktari alimpiga picha ya kifua, akasema ni kifua kikuu kweli, ila kimewahiwa. Atachomwa sindano kila siku, akae miezi minane au tisa. Mama amepata kitanda kwenye nyumba ya wauguzaji, atampikia mwanawe. Hapo moyo wangu ulitulia kidogo, maana mke wangu bila chakula cha mama yake angerudisha sahani kama ilivyokuja.

Mtoto ameachishwa ziwa siku hiyo hiyo, daktari hataki amkaribie mama yake. Ana miezi minane tu. Siku tatu za kwanza sitakusimulia.

Ujumbe wako kupitia kwa katekista nimeupata, kwamba Shangazi Lea yuko tayari kumchukua Beatrisi. Nashukuru sana, baba, na umshukuru Shangazi kwa niaba yangu. Lakini nimekwisha pata mtu wa kumlea hapa hapa kambini, na mtoto ameanza kumzoea. Kumhamisha tena ni kumvuruga. Unajua kwetu Songea ni mbali, mama yangu na dada zangu hawawezi kufika, kwa hiyo usifikiri nimewaruka ninyi nikawapa wengine.

Kazi ya mkonge inaendelea. Wakataji wenzangu wanakusalimu.

Mimi mkweo,
Ernesti


Amani
4 Machi 1956

Mkwe wangu Ernesti,

Yesu asifiwe milele. Barua yako imetembea siku kumi na tisa. Konokono angeileta mapema, na nyumba yake mgongoni.

Mimi ni mzima. Mvua tangu mwezi uanze ni robo inchi, haitoshi hata kulowesha vumbi. Naisoma kila asubuhi saa tatu kwenye kopo la kupimia la kituo cha utafiti kama kawaida. Huu ni mwaka wa ishirini na sita. Mabwana wa kituo wanakuja na kuondoka, kopo ni lile lile na mimi ni yule yule. Nyumbani niko peke yangu, napika mwenyewe. Ugali wangu naomba mke wangu Benedikta asiuone.

Nimefurahi kwamba ugonjwa umewahiwa. Nimewasha mshumaa kanisani.

Sasa habari ya mtoto. Unasema umepata mtu. Mtu ana jina, ana kwao, ana dini. Wewe umeniandikia "mtu" basi, kana kwamba umepata jembe. Lea amekasirika. Kila mmoja hapa anajua kwamba Bibiana alilelewa na Lea wakati mama yake alipougua, na kwa haki mjukuu naye angekwenda mikono hiyo hiyo. Sitakulazimisha. Mtoto ni wako. Ila niambie ni nani.

Mtoto aliyeachishwa ghafla hupata tumbo. Kuna mzee mmoja hapa anasema hivi: mafuta ya mbarika, yapashwe moto kidogo, apakwe kuzunguka kitovu, kisha alazwe kifudifudi juu ya mapaja ya mtu, siyo kitandani. Na uji usitiwe sukari. Mwambie huyo mtu wako.

Baba yako,
Rafaeli


Mwera
15 Aprili 1956

Baba,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa. Mvua uliyokuwa ukiilalamikia imekuja yote kwetu. Mto ulijaa, pantoni ya Pangani ikasimama, na barua zikakaa ng'ambo zikitutazama.

Habari za hospitali ni nzuri. Mama ameandikisha barua, anasema Bibiana ameongezeka ratili nne na kikohozi cha asubuhi kimepungua. Nilivyoisoma nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia.

Beatrisi ameota meno mawili chini. Dawa ya mbarika ilifanya kazi siku ile ile, mpe shukrani yule mzee. Anakula uji wa mahindi kwa tui la nazi, hapa pwani ndivyo wanavyowapa, na amekuwa na mashavu. Tatizo ni moja: akiwekwa chini tu, analia. Awe amelala usingizi mzito kiasi gani, mgongo ukigusa mkeka anaamka na kupiga kelele kama ameibiwa. Muulize yule mzee mtoto wa namna hiyo afanywe nini. Mlezi ndiye anayeuliza.

Kuhusu jina la mlezi, ni mtu wa kuaminika, hanywi, na anampenda mtoto. Siku utakayokuja utamjua mwenyewe. Mengine ya hapa ni kazi tu.

Mkweo,
Ernesti


Amani
6 Mei 1956

Mkwe wangu,

Yesu asifiwe. Mvua ya Aprili ilikuwa inchi kumi na moja na nusu, nimeandika mpaka kalamu ikachoka. Lea hajambo, miguu tu.

Yule mzee anasema mtoto wa namna hiyo asiwekwe chini. Dawa ya hilo hakuna, ni mgongo tu, mpaka atakapochoka yeye mwenyewe. Abebwe hata wakati wa kupika. Ajihadhari na mvuke wa sufuria.

Jina bado silijui.

Rafaeli


Amani
27 Mei 1956

Ernesti,

Yesu asifiwe. Mvua ni inchi tisa. Salamu nimemaliza.

Unamjua Mselem wa Muheza, mchuuzi wa nguo, yule anayezunguka makambini na baiskeli siku za mshahara. Ndiye aliyeniuzia doti ya kanga nyekundu ya korosho niliyomletea Bibiana alipojifungua. Wiki iliyopita alivuka Pangani akaja huko kwenu. Akapita njia ya kando ya uwanja wa kuanikia katani, na katikati ya wanawake wanaoanika akamwona mmoja amembeba Beatrisi mgongoni. Mselem alimtambua mtoto. Kanga aliitambua zaidi, maana ni bidhaa yake. Kipande kimoja kimefungwa mbeleko, cha pili mwanamke amejifunika kichwani na mabegani, anapita kati ya nyaya na katani imemfika kiunoni. Mselem akaita kwa adabu, ili anisalimie mjukuu. Mwanamke hakugeuka. Alikaza mwendo akapotea nyuma ya katani.

Sasa naelewa kwa nini mtu wako hana jina. Mke yuko hospitalini anachomwa sindano, na wewe umemvika mwanamke mwingine nguo niliyoinunua kwa mkono wangu. Ungeoa kwa siri ningesema ni ujana. Kanga, Ernesti. Hata aibu hukuona?

Barua ya kumweleza Bibiana nimekwisha iandika. Iko mezani hapa, bado stempu. Akitoka hospitali atarudi kwangu na siyo kwako. Na mtoto tutakuja kumchukua, mimi na Lea, baada ya sikukuu ya Petro na Paulo.

Kama una neno, liseme sasa.

Rafaeli


Mwera
7 Juni 1956

Baba,

Shikamoo. Sina mwanamke. Naapa mbele ya Mungu kwamba nguo ile haijavaliwa na mwanamke yeyote tangu Bibiana aondoke. Zaidi ya hapo siwezi kusema, naomba uniamini. Nakusihi usimwandikie Bibiana, ndiyo kwanza anapata nguvu. Beatrisi hajambo, anatambaa.

Ernesti


Amani
16 Juni 1956

Ernesti,

Yesu asifiwe. Mselem hana sababu ya kusema uongo na macho yake ni mazima. Kama aliyevaa si mwanamke, ni nani, jini? Asiye na hatia husema mpaka atokwe povu. Wewe umenitumia mistari sita, na mmoja ni wa kutambaa.

Stempu nimenunua. Nitangoja mpaka Jumamosi ya tarehe thelathini. Baada ya hapo Bibiana atajua ninachojua.

Rafaeli


Mwera
22 Juni 1956

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua hii anakuletea Mselem kwa mkono, posta ingechelewa. Amepita tena leo, nami nimemwita ndani, nimefunga mlango, nikamwonyesha kwa macho yake. Ukiwa huniamini mimi, muulize yeye.

Mwanamke aliyemwona ni mimi.

Nitakueleza tangu mwanzo. Siku tatu ambazo sikukusimulia, mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Wanawake wa kambini walimpokea kwa zamu, kila mmoja ana wake, hakumtaka yeyote. Siku ya nne alfajiri nilikuwa nimekaa kizingitini naye kifuani, nimechoka, nimeshalia na mimi, akanyamaza. Akalala. Nikaogopa hata kupumua. Nilikuwa nimekwisha panga kumleta kwa Shangazi Lea, mfuko umefungwa. Nilipomtazama pale nikajua sitamtoa. Sikuwa na sababu nyingine, baba. Nilimtaka mwanangu.

Lakini mkata mkonge hawezi kumbeba mtoto katikati ya miiba. Nikaenda kwa mnyapara nikaomba kazi ya kuanika katani. Alidhani nimelewa. Kazi ile ni ya wanawake, na mimi nilikuwa namaliza mafungu yangu ya mkonge kabla ya wakataji wote. Alinipa huku anacheka, na kambi nzima ikacheka naye. Mpaka leo wananiita Mama Beatrisi. Nilipokuandikia kwamba wakataji wenzangu wanakusalimu, walikuwa wamekwisha acha kunisalimu mimi.

Mkubwa wa waanikaji ni mama mmoja wa Pangani, Mwamvua. Siku ya kwanza aliniangalia ninavyohangaika na kanga, akaniambia, "Weye mwanamume, lete huku. Hivyo wafunga tita la kuni. Mwana hafungwi vivyo." Akamfungua, akanifundisha: miguu ikumbatie kiuno, fundo likae juu ya kifua na siyo tumboni. Kanga ya pili alinitwika yeye mwenyewe, jua lisimchome mtoto kichwa. Nyaya zikiwa zimejaa katani suruali yangu haionekani, kwa hiyo Mselem hana kosa. Aliponiita nilimjua sauti, ndiyo maana nikakimbia.

Nitakuambia na jambo baya zaidi, kwa kuwa nimekwisha vua nguo. Barua yako ya mwezi wa tano ilipofika, siku mbili nzima nilifikiri nikubali. Niseme ndiyo, nina mwanamke. Mzinzi watu humlaani, lakini hubaki mwanamume. Mwanamume mwenye mbeleko humcheka. Nilipima fedheha mbili nikaona ile ya dhambi ni nyepesi. Halafu nikamfikiria Bibiana kitandani, ameipokea barua yako, anaisoma na kuirudia. Nikaona haya kwa kupima kwangu kuliko haya ya kanga.

Hivyo ndivyo ilivyo. Mtu wa kumlea Beatrisi ana jina, ametoka Songea, na ni Mkatoliki. Ukiona hafai, njoo umchukue mtoto. Sitabishana na baba mkwe. Lakini usimwambie Bibiana kwamba nimemwacha, maana sijamwacha hata siku moja.

Mwanao,
Ernesti


Amani
12 Agosti 1956

Mwanangu Ernesti,

Yesu asifiwe milele na milele. Barua ile ya kumweleza Bibiana niliichoma jikoni siku ile ile, Mselem akiwa bado anakunywa chai. Ningekuambia upesi. Siku hamsini nimekuacha unangoja, na najua hukulala vizuri, na kosa ni langu peke yangu. Mara tano nilianza kuandika. Kila mara niliandika habari za mvua, nikasimama.

Julai ilikuwa inchi nne. Haya, sasa basi.

Bibiana alizaliwa mwaka wa nzige, 1931. Benedikta alipata homa baada ya kujifungua, na homa ilipoondoka iliondoka naye. Alikuwa anakula akilishwa, ameutazama ukuta. Miezi kumi na sita. Wakubwa wa ukoo wakasema mtoto apewe dada yangu Lea. Nilikubali mbele yao. Kisha nikamwomba Lea jambo la kipumbavu: aje kila asubuhi kwa mlango wa mbele, watu wamwone, halafu apite uani arudi kwake. Naye akakubali, kwa kuwa hajawahi kumpenda mtoto mchanga hata wa kwake.

Aliyemlea Bibiana ni mimi. Nilimpaka mbarika. Nilimbeba nikipika, na alama ya mvuke wa sufuria aliyo nayo mkononi ni uzembe wangu. Yule mzee mmoja niliyekuwa nikikutajia umekwisha mjua.

Ulipokuja kuoa ulileta mahari, ukaleta mkaja wa mama mtu, ukaleta na mbeleko. Wazee wakasema mbeleko ni ya Lea, mgongo wake ndio uliombeba bibi harusi. Lea akasimama akaipokea, wanawake wakampigia vigelegele. Mimi nilipiga makofi. Niliumia, Ernesti, tena niliumia kwa ajili ya kitambaa.

Kwa nini basi nilikusukumia Lea? Ni mazoea. Uongo ukiulisha miaka ishirini na tano unakuwa mtu wa nyumbani. Na kwa nini nilikukasirikia vile juu ya kanga? Nilikukasirikia kwa haki, kwa nilivyojua. Lakini nilipoisoma barua yako, ghadhabu ilipotoka sikupata huruma kwanza, nilipata wivu. Mimi nilimbeba mwanangu mlango umefungwa. Kila nilipotoka nje nilimpa Lea. Bibiana hakuliona jua hata mara moja akiwa mgongoni kwangu. Wewe umetoka mchana, ukapita katikati ya watu.

Mtoto akae hapo alipo. Wakikucheka, waache wacheke, kicheko hakiachishi ziwa.

Nilikwenda hospitali wiki iliyopita. Makohozi ya Bibiana yamepimwa mara mbili, ni safi. Daktari anasema Novemba akijaliwa. Nilitoka nje nikakaa chini ya ukuta, nikasali kwa sauti kwa furaha, mlinzi akaniletea maji. Habari zako utamwambia mwenyewe. Zangu bado natafuta maneno.

Baba yako,
Rafaeli


Mwera
18 Novemba 1956

Baba yangu,

Shikamoo, na mama Benedikta shikamoo. Bibiana amefika, ni mnene, anacheka, na ngazi za pantoni alizipanda bila kushikwa mkono. Wanawake wa uwanjani walimpokea kwa vigelegele, na Mwamvua akamwambia mbele ya watu kwamba mumewe ni mwanikaji mzuri wa katani ila anaimba vibaya. Yote nilikuwa nimekwisha mweleza njiani. Aligeukia dirishani, nikafikiri amechukia, kumbe anajizuia asicheke ndani ya basi. Mungu ni mwema, baba. Nilikuwa nimebeba gunia miezi tisa na sikujua uzito wake mpaka nilipolitua.

Nimempa Mselem kitambaa akuletee. Ni mbeleko yako. Imechelewa miaka mitatu, unisamehe.

Sasa nina shida, na wa kumwuliza ni wewe. Beatrisi amemkataa mama yake. Ana mwaka na miezi mitano, anatembea, anaongea maneno yake, na kila Bibiana akimnyooshea mikono anakimbilia nyuma ya miguu yangu. Akilishwa na mama yake anatema. Usiku anataka mimi, asubuhi anataka mimi. Siku nane sasa. Watu wanasema atazoea, nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka jana. Jana Bibiana aliacha bakuli la uji chini, akaniambia, "Nimechomwa sindano mia mbili ili nirudi kwa mtoto huyu. Nimerudi, hana habari nami." Hakulia, na afadhali angelia.

Najiona mwizi, baba. Nilitaka nimrudishie mama yake mtoto salama, na sasa ni mimi niliyesimama katikati. Nifanye nini?

Mwanao,
Ernesti


Amani
27 Novemba 1956

Mwanangu,

Yesu asifiwe. Mvua za vuli zimekuja kwa adabu, inchi tatu. Benedikta amerudi jikoni, nami nimenenepa kwa wiki moja.

Kitambaa kimefika. Mselem aliniuliza ni cha nini, nikamwambia ni cha meza. Nipe muda.

Jibu la swali lako ni hili: toka nyumbani. Usikae pembeni, usichungulie dirishani. Ondoka kabisa siku tatu au nne, umwache na mama yake. Atalia na Bibiana atakata tamaa, wewe usirudi. Utaona ni ukatili. Ni kazi ya mwisho ya mlezi, na ndiyo nzito kuliko zote.

Nayajua haya kwa sababu Benedikta alipopona Bibiana alimkataa vile vile. Nilihamia kwenye kibanda cha kitaluni, nikalala siku nne na miche. Siku ya nne nilirudi, nikamkuta amelala mapajani kwa mama yake. Nilishukuru, na nikatoka nje tena nikalia.

Barua hii mpe Bibiana aisome yote, pamoja na ile ya Agosti. Ndiyo namna niliyoipata ya kumwambia.

Baba yenu,
Rafaeli


Mwera
16 Desemba 1956

Baba yetu,

Shikamoo. Sote hatujambo, na Noeli tutakuja Amani, watatu, tukijaliwa nafasi ndani ya basi.

Bibiana alizisoma barua zako zote mbili, mara mbili mbili. Alizikunja akaziweka ndani ya kitabu chake cha sala, akaenda kuchota maji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaniuliza kwa nini hukumwambia, miaka yote hiyo. Nikamwambia amwulize mwenye barua. Kwa hiyo jiandae, anakuja na maswali, na mkono wenye ile alama anauonyesha kila mtu hapa kambini. "Baba yangu ndiye aliyeniunguza," anawaambia, kwa majivuno ambayo sijapata kuyasikia.

Nilitoka nyumbani Jumapili baada ya ibada, nikaenda kukaa kwa Abrahamu, mkataji mwenzangu, chumba cha mwisho wa safu yetu. Nilikosea kuchagua, kilio kinafika mpaka pale. Alilia mchana kutwa, analiita jina langu, maana mimi haniiti baba, ananiita Neti. Nilisimama mara tatu niende. Mara ya tatu Mwamvua alikuwa amekaa mlangoni, aliletwa na mke wangu kwa kazi hiyo hasa, akasema, "Kaa kitako. Uendapo leo, kesho waanza upya, na mamaye ndiye aumiaye." Nikakaa. Nilishika mbao za kitanda cha watu, baba, kama mwanamke mwenye uchungu.

Jumatatu mnyapara alinirudisha kwenye mkonge. Panga liliniteleza mkononi, mgongo ukawa mwepesi mpaka nikawa nageuka kutazama kama nimemwangusha. Wenzangu walinipokea vizuri, mmoja akaniuliza dawa ya tumbo la mwanawe. Aliniuliza pembeni. Nikamjibu kwa sauti, wote wakasikia, na hakuna aliyecheka.

Jumanne kilio kilikuwa kidogo. Jumatano asubuhi, kabla ya jua, Bibiana akanifuata bombani na ndoo yake. Nilimwona anatabasamu toka mbali, nikajua. Jana yake mchana Beatrisi alikuwa amekula kwake bakuli zima, akapanda mapajani mwenyewe, akalala.

"Ila kuna kitu," akaniambia. "Akitaka kusinzia ananipapasa kidevu. Anatafuta ndevu. Anapapasa huku, anapapasa huku, halafu ananitazama. Nimwambie nini?"

Nikamwambia amwambie mtoto kwamba baba yake yuko kazini, anakata mkonge, atarudi saa nane kama baba wengine. Nilitamka vizuri tu. Lakini siku hiyo nilimaliza mafungu yangu saa tano na nusu, na njia ya kurudi kambini niliikimbia.

Wanao,
Ernesti, Bibiana na Beatrisi